Maswali Kabla ya Sindano

Kila asubuhi Rébecca alitoka nyumbani kwake Bulengera, mtaa wa mji wa Butembo, akatembea mpaka depo ya kahawa. Kazi yake ilikuwa kuchambua. Yeye na wanawake wenzake waliketi chini juu ya magunia, kila mmoja na ungo wake mapajani. Walitoa punje nyeusi, punje zilizovunjika na vijiwe vidogo. Walianza saa mbili asubuhi, wakamaliza saa kumi, vichwa vimeinama.

Rébecca aliipenda kazi ile. Wanawake walisimuliana habari za watoto, za kanisa na za soko, na siku ilipita haraka. Lakini tangu wiki ya Pasaka shingo yake ilikaza. Maumivu yalishuka begani, yakafika kwenye kiwiko cha mkono wa kuume. Mtu akimwita kutoka upande, aligeuka mwili mzima. Kusonga fufu, yaani ugali wa muhogo, kulimtoa machozi. Binti yake Nadège, mwenye miaka tisa, alianza kusonga badala yake.

Mume wake Phinées alikuwa seremala. Alifanya kazi yake nyuma ya nyumba, na kila jioni alimwangalia mke wake akirudi.

"Inauma tena?" aliuliza.

"Inauma. Lakini itapita."

"Unasemaka vile kila siku, Mama Nadège."

Rébecca alikunywa vinini, vidonge vya maumivu. Alivinunua katika duka dogo la dawa karibu na barabara, vinne vinne, vimefungwa katika karatasi. Hakuna aliyemwambia vinaitwaje. Vilituliza maumivu kwa saa chache, kisha yakarudi.

Siku moja Papa Nassoro alikuja kuchukua mlango aliokuwa ameagiza kwa Phinées. Nassoro alikuwa jirani yao, mwenye lori la kubeba mbao na chakula kati ya Beni na Butembo. Rébecca alitoka kumsalimu. Nassoro aliona vile anavyogeuka.

"Weye pia shingo?" alimwuliza. "Mimi ilikuwa mugongo. Mwaka mzima nilikuwa nashuka mu lori kama muzee wa miaka mia. Mama Kasika njo alinisaidia."

"Kasika nani?"

"Munganga moja ku Butembo kati. Anatumiaka sindano ndogo sana. Kwa Kifaransa banaitaka acupuncture."

Rébecca alirudi nyuma hatua moja. "Sindano? Papa Nassoro, mama yangu kule Beni alichomwa sindano na mutu wa kupita mu nyumba za batu. Ilifanya jipu, akalala wiki tatu."

"Hauna makosa ya kuogopa," Nassoro alisema. "Sindano moja ikipita kwa batu babili, inaweza kuleta magonjwa mabaya. Sasa sikia. Kwa Mama Kasika kila sindano iko mu paketi yake. Anapasua paketi mbele yako. Akimaliza, anatupa. Ukienda kwa munganga yeyote na hapasue paketi mbele yako, simama, vaa nguo yako, toka."

Phinées aliweka mlango chini. "Na ule mugongo yako ilipona?"

"Haikupona siku moja. Nilienda mara saba. Na aliniambia nipunguze kubeba mizigo mimi mwenyewe. Ingali inauma kidogo wakati wa baridi. Lakini naendesha."

Jibu lile lilimpendeza Phinées, kwa sababu Nassoro hakuahidi miujiza. Siku mbili baadaye alimpeleka mke wake.

Kituo cha Mama Kasika kilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Ukutani palikuwa na cheti chake cha uuguzi na kingine cha mafunzo ya sindano. Kasika mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani. Alikuwa amefanya kazi hospitalini miaka mingi kabla ya kujifunza kazi hii. Aliwakalisha wote wawili, akachukua daftari.

Rébecca alidhani atalazwa mara moja. Badala yake aliulizwa maswali. Maumivu yalianza lini? Yanazidi saa ngapi? Unalala vizuri? Vidole vinakufa ganzi? Umeanguka? Una homa? Unafanya kazi gani, na unakaa namna gani ukiifanya? Kasika alimshika shingo polepole, akabonyeza huku na huku. Akaangalia ulimi wake. Akaweka vidole kwenye mishipa ya mikono yote miwili, akasikiliza mapigo.

"Unakunywaka dawa gani?" aliuliza.

"Hakuna," Rébecca alijibu.

Phinées alimwangalia. "Na zile za mu karatasi?"

"Zile ni za maumivu tu."

"Hata za maumivu tu ni dawa," Kasika alisema kwa utulivu, akaandika. "Uko na sukari? Ukijikata, damu inakawia kukauka?"

"Hapana."

"Uko na mimba?"

"Hapana," Rébecca alijibu haraka.

Kasika aliweka kalamu chini. "Baba, nisaidie, ungojee inje kidogo. Njo vile nafanyaka na bagonjwa bote. Mutu anaongea na munganga wake yeye peke yake, kisha munaendelea pamoja."

Phinées alitoka bila kinyongo. Kasika alifunga mlango, akaketi karibu zaidi.

"Nitakuuliza tena ile ya mwisho," alisema. "Sikuulizi kwa kukuhukumu. Kuko mahali ku mwili hatuwekake sindano kama mwanamuke iko na mimba. Kuko dawa haipashwe kukunywa. Kama sijue, naweza kukuumiza. Na ile utaniambia, sitaipeleka kwa mutu, hata kwa bwana yako."

Rébecca aliangalia mikono yake. Mwaka uliopita alikuwa na mimba ya miezi minne, ikatoka. Phinées alikuwa ameshaanza kuchonga kitanda kidogo. Alikivunja peke yake nyuma ya nyumba, na tangu siku ile hawakuongea tena habari ya mtoto.

"Ni mwezi wa tatu sijaona damu yangu," alisema mwishowe. "Nilitaka ipite miezi mine kwanza. Njo nimwambie. Sikutaka avunje kitanda tena."

Kasika alichukua kalamu tena. "Uko unatoka damu? Tumbo inauma?"

"Hapana."

"Zile kinini, uko nazo?"

Rébecca alifungua ncha ya kitenge chake, akatoa karatasi. Kasika aliviangalia vinini vile kwa muda.

"Hii inafanana na dawa ya maumivu ambayo si nzuri kwa mimba. Lakini bila jina, hata mimi siwezi kujua vizuri. Acha kuikunywa leo. Ukiwa na mimba, hapana kukunywa kinini yoyote kabla ya kuuliza ku CPN."

CPN ndiyo huduma ya wanawake wajawazito katika kituo cha afya. Rébecca aliijua. Alikuwa ameenda wakati wa mimba ya Nadège. Safari hii hakuwa ameenda, kwa sababu hakutaka mtu amwone pale.

"Nimeharibu mutoto?" aliuliza, sauti ndogo.

"Sijui, mama. Siwezi kukudanganya. Batu bengi banakunywaka na mutoto anabaki muzima. Lakini tutazame. Leo sikuwekee sindano. Nitakuandikia barua. Kesho asubuhi uende ku hospitali bakupime, bafanye ekografi, batazame mutoto mu tumbo na mashine. Mimba ilishatoka mara moja, kwa hiyo nataka munganga wa kule akubali kwanza. Shingo itangoja wiki moja."

Alimwonyesha namna ya kuweka kitambaa chenye maji ya moto begani, na namna ya kulala na mto mmoja tu, usio mrefu. Kisha akamkabidhi barua.

Nje, Phinées alikuwa ameshasimamisha pikipiki ya kukodi. "Alikuweka sindano ngapi?"

"Hata moja," Rébecca alisema. "Baba Nadège, mwambie wa pikipiki aende. Tutembee."

Walitembea. Barabara ilikuwa na vumbi na kelele za malori. Walipofika mahali penye utulivu kidogo Rébecca alimwambia yote, mimba, vinini, barua. Alisema akiangalia mbele, kwa sababu shingo haikumruhusu kumwangalia mume wake, na pia kwa sababu aliogopa.

Phinées alipunguza mwendo.

"Miezi tatu weye peke yako na ile woga," alisema.

"Nilitaka kukuepusha."

"Najua." Akachukua mfuko aliokuwa amebeba Rébecca, akauweka kwenye bega lake mwenyewe. "Kesho tunaenda pamoja. Kazi itangoja."

Hospitalini walingoja tangu saa mbili mpaka saa tano. Rébecca alipolala kitandani, daktari alimpaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kifaa chake. Daktari alikuwa kijana. Rébecca alihesabu mbao za dari ili asifikiri. Alifika kumi na saba.

"Tazama hapa," daktari alisema, akageuza kioo cha mashine. Kati ya weusi na weupe palikuwa na kitu kidogo kinachocheza haraka haraka. "Ule ni moyo. Mimba iko na wiki kumi na mbili. Kwa sasa naona inaendelea muzuri."

Phinées alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Rébecca alilia bila sauti, na muuguzi akampa kitambaa.

Daktari alisoma barua ya Kasika. Akamwandikia Rébecca dawa moja ya maumivu inayofaa kwa mimba, na kiasi chake. Akaandika pia kwamba anaweza kuwekewa sindano kwa uangalifu. Siku ile ile Rébecca alianza CPN.

Wiki iliyofuata alirudi kwa Kasika.

"Umekula?" Kasika aliuliza.

"Fufu kidogo na mboga za majani."

"Muzuri. Mutu hapashwe kuja na njaa. Anaweza kusikia kizunguzungu. Na umevaa nguo ya mikono mipana, hiyo ni vizuri."

Kasika alinawa mikono kwa sabuni. Akachukua paketi ndogo, akamwonyesha kwamba imefungwa bado na tarehe yake haijapita, kisha akaipasua. Rébecca alichungulia. Sindano ilikuwa nyembamba kama unywele.

"Dawa inapita wapi?" aliuliza. "Haina tundu."

"Haina dawa. Haina kitu ndani. Kazi yake ni kuamusha mwili, misuli ilegee, maumivu ipungue. Kwa shingo kama yako inasaidiaka batu bengi. Kwa bengine inasaidia kidogo, kwa bengine hapana. Haiponyeshe malaria. Haiponyeshe mufupa ya kuvunjika. Kama vidole vingekufa ganzi ama mukono ungekosa nguvu, ningekurudisha ku hospitali."

Alimlaza ubavu, na mto kati ya magoti. Alipangusa ngozi kwa pamba yenye alkoli. Rébecca alifumba macho, akangoja maumivu kama yale ya mama yake.

"Utaanza saa ngapi?" aliuliza.

"Sindano tatu iko ndani tayari," Kasika alisema.

Ile ya nne aliisikia. Ilichoma kidogo kama kuumwa na sisimizi, kisha uzito wa joto ukaenea begani.

"Ule uzito ni kawaida," Kasika alisema. "Kama ni maumivu makali, ama kichwa inazunguka, ama unasikia kutapika, niambie mara moja. Hapana kuvumilia. Hapa hatutoake zawadi ya kuvumilia."

Rébecca alicheka, akakatazwa kucheka sana ili sindano zisisogee. Alikaa dakika ishirini. Kasika hakuondoka chumbani. Karibu na mwisho Rébecca alisinzia.

Sindano zilipotoka, Kasika alizihesabu. Sita ziliingia, sita zilitoka. Zote alizitupa katika boksi gumu la manjano. Tone moja la damu lilionekana begani, akalikandamiza kwa pamba. "Pengine kesho utaona alama ya bluu. Itaisha. Leo pumzika, kunywa maji."

Siku ile shingo haikubadilika sana, na Rébecca alivunjika moyo kidogo. Baada ya mara ya pili alilala usiku mzima. Baada ya mara ya nne alisonga fufu mwenyewe, polepole.

"Sasa kazi yangu inabaki ndogo," Kasika alimwambia. "Ukiendelea kuinama saa nane kwa siku, utarudi kwangu kila mwaka."

Phinées ndiye aliyelisikia neno lile vizuri. Alipima kimo cha Rébecca akiwa ameketi, akatengeneza meza nyembamba na benchi. Walimwomba mkubwa wa depo, Zorobabel, waviweke karibu na dirisha. Zorobabel alisema depo si shule. Lakini aliacha vibaki mwezi mmoja, aone. Mwisho wa mwezi aliona kwamba ungo wa Rébecca ulikuwa safi kuliko nyungo za wenzake, na akaagiza meza nyingine tano.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja, mvulana mwenye kilo tatu na zaidi. Walimwita Jephté.

Miezi mitatu baadaye Rébecca alirudi kazini na mtoto mgongoni. Mwanamke aliyekaa naye mezani, Mama Tumaini, alikuwa akijikanda kiuno tangu asubuhi.

"Ule munganga wa sindano," alisema, "mutu anaendaka kwake namna gani?"

"Kula kwanza," Rébecca alijibu. "Vaa nguo ya kulegea. Beba dawa zako zote, hata zile za mu karatasi. Tazama apasue paketi mbele yako. Atauliza mambo mengi."

Mama Tumaini alichambua punje chache. Kisha akainama karibu, akashusha sauti.

"Na kama kuko kitu sijaambia mutu?"

Rébecca aliacha ungo.

"Basi uanze na ile," alisema.