Mama wa Fomu Mbili

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi uani, kati ya kinu na karo. Mwanaume wa makamo, suti safi, viatu vinang'aa. Jeraha lilikuwa moja, juu ya sikio la kulia.

"Kifaa butu," alisema daktari wa polisi. "Pigo moja tu. Saa mbili hazijapita."

Inspekta alipekua mifuko. Pochi ilikuwemo, na pesa zake. Simu ilikuwemo. Basi si wezi, ingawa dada wa marehemu alikuwa akilia wezi, wezi.

Kwenye koti palikuwa na barua ya ofisi ya kodi. Inspekta aliisoma mara mbili. Marehemu na mdogo wake, dereva wa lori, kila mmoja kajaza fomu kwamba ndiye anayemtunza mama yao, ili mshahara wake ukatwe kodi kidogo. Nafuu hiyo ni ya mtoto mmoja tu. Marehemu alete uthibitisho wenye alama ya dole gumba la mzazi kabla ya Ijumaa.

Wakubwa hao! Fomu wanazo za kila kitu, ila miguu ya kufika kwa mtu waone nani anamwosha nani, hawana.

Uthibitisho wenyewe haukuwemo mfukoni.

Chumbani mama mtu alikuwa kitandani, amepooza upande mmoja. Shuka safi, kucha zimekatwa. Dole gumba lake lilikuwa na wino wa buluu.

"Mwanangu mkubwa kaja leo," alimwambia Inspekta huku anatabasamu. "Miaka miwili, baba! Kanishika mkono."

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Dereva aliletwa kutoka gereji.

"Saa tisa ulikuwa wapi?"

"Chini ya lori, afande. Waulize mafundi."

"Mama yako unamtunza?"

"Namtunza, ndiyo."

"Anakunywa dawa gani?"

Dereva alikuna kichwa. "Za... presha? Mambo hayo anayajua dada."

"Fomu kajaza dada?"

"Afande, kazini kila mtu anaandika mzazi wake."

Mafundi waliulizwa kwa simu. Hakutoka chini ya lori.

Inspekta alirudi uani. Mchi ulikuwa umelowa, umesuguliwa kwa sabuni. Kinu kilikuwa kikavu, na makapi yake ndani.

"Dada yangu," alisema taratibu, "nani anaosha mchi akaacha kinu?"

Dada aliacha kulia. Alikaa chini, palepale.

"Nilikuwa natwanga, afande; nilipomwona anaingia nilifurahi. Nikasema leo kaka kamkumbuka mama. Hata kiti hakuvuta. Kachovya dole la mama kwenye wino, kagandamiza, katoka. Mama anamwita, 'Kaa kidogo, baba.' Nikamfuata huku uani. Nikamwambia karatasi hiyo ni ya uongo. Akacheka. 'Wewe huna mshahara, hulipi kodi. Ofisi haikujui.' Miaka sita namgeuza mama, mgongo usioze. Haikujui! Na mchi ninao mkononi."

Alitoa kifuani karatasi iliyokunjwa.

"Nilitaka kumnyang'anya hii tu. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kusoma, afande. Laiti ningemwacha aende nayo."

Inspekta alizitoa pingu polepole, kama mtu anayetafuta kitu kingine.

"Saa kumi na moja mama anageuzwa," dada alisema.

Zilibaki dakika tano. Inspekta alimgeukia dereva.

"Nenda kamgeuze."

"Mimi? Sijawahi, afande."

"Uliandika unamtunza."

Dereva aliingia, akasimama kando ya kitanda, mikono inaning'inia. Inspekta alimwacha dada afike mlangoni akiwa na pingu mikononi.

"Kaka yenu kaenda wapi?" mama aliuliza. "Hata hajala."

Dereva aligeuka kumtazama dada yake.

"Bega kwanza," dada alisema. "Usimvute mkono. Bega kwanza, halafu kiuno."