Nguzo za Fundi Imara

Mpiga picha alikuta mlango wa chumba chake cha kazi umerudishiwa tu, kufuli nzima. Kamera ilikuwa palepale juu ya stendi, lakini waya uliokuwa ukiiunganisha na laptopu ulining'inia. Laptopu haikuwepo. Akakimbilia jikoni, akafunua pipa la unga. Diski aliyoificha humo, yenye nakala za picha zote, nayo ilikuwa imechukuliwa.

Asubuhi hiyohiyo sajini wa kituo cha polisi cha jirani alifika, akazunguka chumba, akacheka.

"Mwizi wako mjinga, dada. Kamera ya bei mbaya kaiacha!"

"Hakufuata mali. Kafuata picha za nguzo."

Nguzo za ghorofa ya chini zilikuwa zimepasuka, mojawapo ikipita katikati ya chumba hicho. Wakala wa mwenye jengo alidai ni rangi tu inayobanduka. Ndipo mpiga picha alipozipiga picha kwa karibu, kila moja ikitokea papo hapo kwenye laptopu, majirani wakajionea vyuma vichache vilivyoliwa na kutu. Baraza la ujenzi lingesikiliza malalamiko ya wapangaji siku moja baada ya wizi huo.

"Mwachie Mungu, mwanangu," alisema mjomba wake, aliyekuwa ameketi pembeni. Alikuwa fundi mwashi mstaafu, mkazi wa ghorofa ya juu, na jengo zima lilimwita Fundi Imara. "Maisha ni marefu kuliko kesi."

"Siachi, Mjomba."

Sajini alianza na mlinzi wa lango.

"Mgeni hakuingia," mlinzi aliapa. "Na mimi silali kazini, hata wakinisingizia." Kibanda chake kilipekuliwa, hakikuwa na kitu.

Wakala aliitwa, akaja kifua mbele.

"Ulisikika ukisema picha hizo hazitafika barazani," sajini alimwambia.

"Nilisema, na narudia. Lakini ningekuwa mimi, ningeibeba hiyo kamera nikaisage kwa nyundo. Laptopu ya nini?"

Mpiga picha alimchukia mtu huyo, ila hapo alimwamini. Wakala alipoondoka, alimfungulia sajini kijilango cha kamera.

"Tazama. Haina memori kadi. Picha zilipita kwenye waya moja kwa moja hadi kwenye laptopu. Asiyejua angechukua kamera. Halafu lile pipa: unga haukumwagika, kabati halikuguswa. Aliyeingia alijua pa kutia mkono. Kufuli hakuivunja, alikuwa na ufunguo."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

Mpiga picha alimgeukia mzee aliyeketi pembeni. Hakuinamisha macho.

"Ni wewe, Mjomba; ufunguo wa akiba nilikupa wewe. Jana ulikaa nami hadi nilipoficha diski."

Fundi Imara aliinuka, akaigusa nguzo ya katikati ya chumba.

"Nguzo hizi nilizisimamisha mimi. Mwenye jengo alisema tupunguze vyuma, nikapunguza. Tangu hapo naitwa Imara, naitika. Jana uliponiita nione picha, mwanangu, niliiona aibu yangu kubwa kama ukuta." Akanyoosha mikono kwa sajini. "Laptopu na diski nimeshazivunja. Nifunge, yaishe."

"Haiishi," mpiga picha alisema. "Ulivunja nakala mbili. Ya tatu iko kwa nesi, jirani yangu, aliondoka nayo jana akienda kazini. Picha za kazi sizilazi zote nyumba moja."

Mzee alishusha pumzi. "Basi umeshinda."

"Bado. Watu wanalala chini ya kazi yako. Ukifungwa kwa laptopu, nani atasema habari ya vyuma? Kesho unasimama mwenyewe, au nisimame mimi nikutaje?"

Mzee alikaa tena. Sajini, aliyekuwa ameshachomoa pingu, aliirudisha kiunoni na kuahidi kwamba yeye mwenyewe angempeleka mzee barazani.

Kesho yake barazani, picha zilipoonyeshwa ukutani, wakala aliruka. "Waheshimiwa, siku hizi picha zinatengenezwa!"

Fundi Imara aliinuka kutoka kiti cha nyuma, kando ya sajini.

"Picha hazikutengenezwa. Nguzo ndizo zilizotengenezwa vibaya. Aliyezitengeneza ni mimi, na aliyeniagiza ni bosi wako."

"Kaa chini, mzee!"

"Nimekaa vya kutosha," alisema, akabaki wima.