Theluji ya Wagagai

Wanyera, kiongozi wa wapanda mlima, aliona buti kwanza, limechomoza kwenye theluji. Ilikuwa Jumapili, saa moja asubuhi, chini ya kilele cha Wagagai, Mlima Elgon. Theluji kama ile alikuwa ameiona mara mbili tu maishani. Aliifukua kwa mikono, akamkuta Isiko, fundi umeme wa Jinja aliyepotea tangu jana.

Inspekta Topista wa polisi ya Mbale alikuwa kwenye kambi ya askari wa hifadhi kwa kesi ya ujangili, kwa hiyo saa tano alikuwa amefika. Isiko alilala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Koti lake zito bado lilikuwa limekunjwa ndani ya begi. Walipomgeuza, Topista akapapasa nyasi alizozilalia. Zilikuwa kavu, na vumbi likabaki kwenye vidole vyake.

"Theluji ilianza saa ngapi?" aliuliza.

"Jana saa nane mchana, afande," Wanyera alijibu. "Ghafla, na upepo."

Marafiki wawili wa marehemu walingoja pangoni, walikopiga kambi. Fadhul, mtu mpole wa mtaa wa Walukuba, Jinja, alikuwa na damu kwenye mkono wa shati.

"Nilianguka nikimtafuta," alisema. "Nilitoka saa tisa, peke yangu."

"Nasikia ulifungwa miaka minne kwa ushahidi wake."

"Niligonga mtoto kwa gari, pale Bugembe, akafa. Nilizirai, nikazinduka niko kwenye usukani. Isiko alisema alichokiona. Simchukii, afande. Jana asubuhi aliniambia tukifika kileleni ana jambo la kunieleza."

"Nani mwingine alisikia?"

"Kirunda. Tulikuwa tunakunywa chai."

Kirunda alikuwa mwenye duka la vipuri mjini Jinja. Alizungumza haraka.

"Fadhul alibaki hapa na Wanyera, goti linamuuma. Mimi na Isiko tukaendelea. Theluji ikatupiga njiani, upepo ukatutenganisha. Nikadhani yuko nyuma yangu. Muulize Fadhul alikwenda wapi saa tisa!"

"Theluji iliwakuta mkiwa pamoja?"

"Pamoja kabisa. Tulitembea ndani yake karibu nusu saa."

Topista alimgeukia Wanyera. "Fadhul alitoka pangoni kabla ya saa tisa?"

"Hapana. Tulikuwa tunachemsha maji."

"Basi nisikilize, bwana Kirunda. Isiko ameanguka juu ya vumbi kavu, koti lake likiwa ndani ya begi. Nani anatembea nusu saa kwenye theluji bila kuvaa koti alilolibeba? Alikuwa chini kabla ya saa nane, na uliyekuwa naye ni wewe."

Kirunda alitazama mlango wa pango. Wanyera alikuwa amesimama hapo.

"Alisema Jumatatu anakwenda polisi," alisema hatimaye. "Nilimwomba kama ndugu. Akanipa mgongo akaendelea kupanda. Nikaokota jiwe."

"Kuwaambia nini polisi?" Fadhul aliuliza.

Kirunda alimgeukia Topista.

"Kirunda, kuwaambia nini?"

"Gari nililiendesha mimi. Wewe ulikuwa umekaa kando, ukajigonga kichwa ukazirai. Mimi na Isiko tukakuhamishia kwenye usukani kabla watu hawajakusanyika. Isiko alikubali kwa sababu nilikuwa na mke na watoto, wewe hukuwa na mtu."

Fadhul alikaa chini taratibu.

"Isiko alikufa palepale?" Topista aliuliza.

"Alikuwa anakoroma nilipomwacha," Kirunda alisema. "Theluji ilikuwa inaanza."

Topista akamfunga pingu. Wanyera alikwenda kuandaa machela.

Topista akachuchumaa karibu na Fadhul. "Maneno yake nimeyaandika. Jaji atayasoma. Jina lako litasafishwa."

"Kila Idi naenda kwa mama wa yule mtoto," Fadhul alisema. "Nakaa nje ya nyumba yake mpaka jioni. Mwaka huu alinifungulia, akanipa maji, akasema amenisamehe."

Akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Sasa nikamwambie aanze upya kusamehe mtu mwingine, afande?"