Fundi Taratibu na Mhandisi wa Nyaya

Hakuwa na mke, hakuwa na kiwanja, hakuwa na usingizi wa kutosha, wala mtu wa kumuuliza jioni, "Umeshindaje?" Mgongo alikuwa nao, ila ule wa kuuma. Kiwandani walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuwahi kuharakisha waya hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kufunga nyaya za umeme za mabasi, tita kwa tita, akisimama mbele ya ubao kutwa nzima.

Walikutana langoni, zamu moja ikitoka na nyingine, ya Taratibu, ikiingia, watu wakisukumana kama kumbikumbi. Dada mmoja mwenye blauzi ya kijani na buti za kiwanda zilizomzidi miguu alimgusa bega.

"Samahani, kaka. Chumba cha nyaya kiko wapi?"

"Wafuate waliochoka zaidi."

"Basi nitakufuata wewe," akasema. Taratibu akacheka, jambo ambalo uso wake ulikuwa umelisahau.

Dada huyo alikuwa mhandisi. Alileta akili bandia ya kupanga njia za nyaya ndani ya basi: zipite wapi ili ziwe fupi, nyepesi, na mbali na joto la injini. Ili programu ijifunze mahali waya unapokubali kupindwa bila kukatika, aliomba atundike kamera juu ya ubao, inase mikono ya Taratibu ikifanya kazi. Fundi akaridhia. Tangu hapo, kila mapumziko ya mchana mhandisi alikuja kuketi naye, wakagawana chai ya chupa, akimtania kwamba kwa mwendo wake huo hata kupenda kutamkuta uzeeni. Jioni alimpigia simu, na Taratibu akasinzia simu ikiwa sikioni, sauti ile ikimbembeleza.

Miezi ikapita. Mchoro wa programu ulipotoka, ulikuwa mzuri, hakuna aliyebisha. Mnyapara akapita akicheka.

"Umeinyonyesha mashine, bwana, sasa imeota meno. Na wewe ulidhani unapendwa."

Neno hilo likamkaa kama mwiba. Kumbe chai ile ilikuwa chambo, akawaza. Akaacha kupokea simu. Mhandisi akija, yeye ana kazi. Ikasikika kwamba mhandisi anahamishiwa kiwanda cha mji mwingine, na Taratibu akajiambia kwamba ni heri.

Siku ya kuaga, mhandisi akaja kusimama mbele ya ubao.

"Unanikimbia?"

"Ulichokitaka umekipata. Mikono yangu iko ndani ya mashine yako."

"Kamera niliiondoa lini?"

Taratibu akatazama juu. Palibaki matundu ya skrubu tu, yamejaa vumbi.

"Niliiondoa wiki ile ya kwanza," mhandisi akasema. "Miezi yote iliyofuata nilikuwa nakuja kumtazama nani, mpenzi?"

"Nilikuwa nimechoka. Sikuinua kichwa."

"Najua. Mimi nami nimechoka, kukungoja."

"Basi tuchokee nyumba moja."

Mhandisi akajifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Mimi nimekubali. Lakini mama yangu hapokei posa ya simu. Mwandikie."

Jumamosi Taratibu akaketi mezani. Alichana barua ya kwanza kwa kuwa ilijisifu, ya pili kwa kuwa ililalamika. Ya tatu ilikuwa fupi na ya adabu. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akaipeleka posta. Hakuondoka dirishani mpaka karani alipoigonga muhuri na kuitumbukiza katika gunia la barua ziendazo.