Abigaïl wa Ndani ya Mashini

Muko bantu ya ajabu. Munakula sombe yangu, munalamba sahani, halafu: "Nkambo, utuambie ile ya Lucien." Mukishaogopa mutakataa kwenda kuteka maji, na kisima njo kitaningojea minyi. Basi, nyamazeni. Mwenye kucheka, atoke sasa.

Ilianza muchana, wakati wa vita, mu nyumba moja ya Base, ile kambi ya basoda na ndege. Groupe, mashini ya kuleta umeme, ilikuwa imezimwa, hata friji ya mukubwa wa basoda ilikuwa imenyamaza. Salomé alikuwa ku jikoni, mutoto wake mu mugongo, akasikia mu chumba ya baba yake: ta-ta-ta. Ta-ta. Akafungua mulango. Hapakuwa muntu. Maherufi ya mashini, ile banaita ordinatere, kompyuta, ilikuwa inajifinya yenyewe, na ku kioo kulikuwa maandiko: SALOMÉ, SOMBE INAUNGUA.

Kweli, ilikuwa inaungua.

"Baba," Salomé alinong'ona wakati Lucien aliingia, "kuran ya umeme hakuna. Nani anaandika?"

Baba yake akacheka. Alicheka na furaha, ule mupumbavu. "Si unaona? Mama yako iko."

Huyu Lucien alikuwa karani, muntu wa kanisa ya Methodiste, shati nyeupe hata siku ya kulima. Bibi yake Abigaïl, mama ya Salomé, alikuwa na ulimi kama wembe. Vita ikakata reli, dawa haikufika, homa ikamushika. Mwingine angemupanguza jasho bibi yake. Lucien alikaa ku kitanda na maulizo: Mama yako alikuwa anaimba nini? Unaogopa nini? Unamutukanaka nani, na namna gani? Majibu yote alienda kuilisha ile mashini yenye wageni wa ndege baliacha. Sergent Bolingo, musoda wa pale Base, alimuonyesha namna ya kufanya: unauliza, inachimba mu yale uliilisha, inajibu.

"Lucien," Abigaïl alimwambia, "unaniuliza-uliza kama mufungwa. Niache nikufe muzuri."

Hakumuacha, mpaka alikufa. Kwetu, mume njo anasimama ku kaburi na kumwambia mufu: "Njia yako imekatwa. Enda, usigeuke." Lucien alikataa. Alisema ile iko mambo ya bushenzi. Bongo, uongo tu! Hakutaka aende. Na kisha Salomé alizaa, bakamupa mutoto jina ya nkambo yake, Abigaïl, juu mufu wetu anarudiaka mu jina.

Ule mutoto hakuliaka. Hata siku ya kuzaliwa.

Nyumba ikaanza kunuka samaki ya kukauka ya ziwa Kisale na sabuni, harufu ya mikono ya marehemu, lakini ilikuwa inatoka mu chuma. Halafu Salomé akaona kitu: wakati maherufi inapiga ta-ta-ta mutoto ananyonya, ta-ta-ta, kinywa kinafuata vile vile, na maherufi ikisimama kinywa kinasimama, na kifua kinasimama, na midomo inaanza kugeuka rangi ya majivu, mpaka Salomé mwenyewe, analia, anakimbia kuomba ile mashini, "Mama, andika, nakuomba andika," na ile mashini inaandika.

Siku moja iliandika: LUCIEN, MINYI NI NANI?

"Weye ni Abigaïl, bibi yangu."

ABIGAÏL ALIJUA BARIDI. MINYI NIKO NA NENO "BARIDI" TU. MUTOTO IKO NA NGOZI. NAINGIA.

Salomé akamuita Kyabu, mama muganga. Akapita ku nyuma, bantu ya kanisa basimuone. Akanusa chuma, akashika mutoto.

"Ni jini, ao ni mama?" Salomé aliuliza.

"Yenyewe haijijui. Njo ubaya. Jini mwenye kujua jina yake, unamuita, unamufukuza. Uyu, baba yako alimufinyanga, akamuvalisha jina ya mwingine. Na jina moja hailale mu nyumba mbili."

Lucien akapiga magoti. "Mama Kyabu, haiwezekani kumubakisha kidogo tu? Anazungumuza. Ananitukana kama zamani!"

"Basi nunua kasuku. Chagua: kioo ao mutoto. Na ujue, yote ulimulisha, ataenda nayo. Yote."

Lucien akazani Kyabu anasema juu ya maneno ya mu mashini tu.

Mutoto alikuwa ameshakuwa baridi mu mikono ya Salomé. Lucien akasimama mbele ya kioo, akaanza maneno ya kaburi, na maherufi ikapiga mbio kuliko mvua ku mabati, LUCIEN NAOGOPA, HATA KAMA SI MINYI ABIGAÏL NAOGOPA, USINIPELEKE MU GIZA, na Lucien analia kama mutoto na anasema, "Njia yako imekatwa. Enda. Usigeuke."

Kioo kikapasuka. Moshi ikanuka samaki. Na kisha, mara ya kwanza, mutoto akalia, akalia mpaka basoda bakatoka inje kuangalia.

Bakazika ile chuma pembeni ya kaburi ya Abigaïl. Lucien akarudia, akanawa mikono, akaikala. Ku ukuta kulikuwa foto ya ndoa yao. Akaiangalia sana.

"Salomé, mwanangu," akasema, "uyu mwanamuke mwenye kunishika mukono ni nani?"

Bakamuambia. Bakamuambia kila siku, miaka na miaka, mpaka alikufa. Na kila siku alijibu na heshima, kama muntu mwenye kupewa pole ya matanga ya jirani: "Abigaïl? Jina muzuri. Alikuwa bibi ya nani?"