Kabati Kwenye Ukuta wa Jipsamu

Kitwana hakuwa na duka, hakuwa na mjomba mjini, wala hakuwa na suruali isiyo na vumbi la mbao. Zaidi ya yote hakuwa na staha kwa kitu asichokijua. Ufundi alikuwa nao. Makabati ya mninga aliyochonga kwao Masaki, Kisarawe, aliyapeleka Kibaha, kwenye soko la Maili Moja, na hapo ndipo Firdausi aliposimama mbele ya moja, baibui jeusi, mtandio wa zambarau, udi ukinukia.

"Fundi, kabati lako zuri kuliko wewe."

"Basi tuchukue wote, dada. Mmoja pambo, mmoja mzigo."

Firdausi alicheka hadi wauza nyanya wakageuka. Akalinunua kwa ajili ya saluni yake, na simu za jioni zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Mwongo! Nasikia unatafuna muhogo."

Siku ya kulitundika, Kitwana aligonga ukuta wa saluni kwa kidole. Ukalia po, po. Ilikuwa bodi ya jipsamu juu ya nguzo za bati jembamba. Alikunja uso kama aliyeonja samaki aliyeoza.

"Huu mnauita ukuta? Karatasi iliyopakwa chokaa!"

"Muuza vifaa anasema kuna bolti zake maalumu," Firdausi alimwambia. "Kamuulize, mpenzi."

"Niulize kutundika kabati? Mimi?"

Akafanya kama baba yake alivyofanya kwenye nyumba za tofali: akatoboa, akapigilia kabari za mti, akakaza skrubu ndani yake. Likakaa. Akajipangusa mikono kwa dharau.

Ijumaa asubuhi simu ililia.

"Njoo uone uchafu wako."

Kabati lilikuwa chini. Dawa za nywele, mafuta na mayai ya kusingia nywele vilikuwa vimechanganyika sakafuni kwa uvundo wa kutapisha, nzi wamejaa. Firdausi alikuwa ameziba pua kwa mtandio.

"Ulilijaza mno," Kitwana alisema.

"Mteja alikuwa ndio kwanza ameinuka hapo! Lingemponda kichwa, nawe unanihesabia chupa? Toka. Unanitia kinyaa."

Tangu hapo simu zake hazikupokelewa. Kitwana alirudi Masaki na kabari moja mfukoni. Aliitazama mpaka chakula kikamshinda. Haikuvunjika wala kuchubuka. Ilikuwa nzima, imepakaa unga mweupe. Ukuta haukuwahi kuishika. Kinyaa alichokuwa nacho kwa jipsamu kikamgeukia mwenyewe.

Akaenda kwa Mwinyimadi, muuza vifaa, akauliza.

"Mzigo mzito usiuachie bodi peke yake," Mwinyimadi alimweleza. "Zitafute nguzo kwa sumaku. Toboa bodi pamoja na bati, pitisha bolti hii. Mabawa yake yatafunguka upande wa nyuma, yakumbatie chuma."

Kitwana akaingia saluni, wateja wakiwa wameketi.

"Kabati halikujaa, Firdausi. Niliudharau ukuta, nikakusingizia wewe."

"Sema kwa sauti. Mama yule yuko chini ya mashine, hasikii."

Akarudia, masikio yakimwaka. Wanawake wakapiga vigelegele vya kejeli. Firdausi akasogeza kiti kumpisha.

Alipomaliza kukaza bolti, Kitwana alilishika kabati kwa mikono miwili, akanyanyua miguu. Halikutikisika.

"Shuka, mtu mzima wewe!"

"Sishuki. Nataka kukuoa."

"Unaposa ukining'inia kama popo? Ptu! Huna hata haya." Lakini macho yake yalikuwa yamelowa. "Wazee wangu wako Mlandizi. Wanajua kusoma."

Jumapili, huko Masaki, baba yake Kitwana aliandika barua ya posa kwa mwandiko wa kulala, akaikunja pamoja na kitambaa cheupe, akavitia ndani ya bahasha. Kitwana akaramba gundi ya bahasha. Ilikuwa chungu kama shubiri. Akakunja uso, akameza, akaibana kwa kidole gumba hadi ikashika. Kisha akamkabidhi mshenga, Mzee Badru, naye akapanda bodaboda kuelekea Mlandizi.