Vitanzi Tisini vya Nyatichi

Kila Alhamisi saa nane mchana, wanawake watatu walikutana katika veranda ya nyuma ya duka la nyuzi la Kultum, mjini Migori. Bosibori alileta mkeka. Filister alileta maneno, maana Filister hakosi maneno. Nyatichi alileta sindano zake za kufumia na kunyamaza kwake. Walifuma, walishona, walitaniana, kisha kila mtu alirudi kwake kupika.

Mwanzoni mwa mwaka 1996, Dolphine, binti ya Bosibori, aliitwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Barua ilichelewa kufika. Zilibaki siku kumi na moja tu aripoti, na alitakiwa awe na sweta ya rangi ya damu ya mzee. Bila sare kamili, angerudishwa nyumbani.

"Sweta moja nikifuma peke yangu ni wiki tatu," alisema Bosibori. "Hizo wiki nitazitoa wapi?"

"Si tugawane?" alisema Filister. "Mimi nifume mgongo. Nyatichi afume mbele. Wewe mama yake ufume mikono. Alhamisi ijayo tunaunganisha."

Wakakubaliana kwamba kipande cha mbele na cha mgongo kila kimoja kiwe na vitanzi tisini. Wote wangetumia uzi mmoja na sindano za unene mmoja.

Nyatichi alienda nyumbani akiwa na furaha. Alikuwa amejifunza kuhesabu mwaka uliopita tu, katika darasa la ngumbaro, la watu wazima. Zamani alifuma kwa kukisia. Sasa alihesabu vitanzi vyake mara tatu kabla ya kuanza, na mara zote alipata tisini.

Alhamisi ikafika. Bosibori alilaza kipande cha mbele juu ya kipande cha mgongo. Mgongo ulizidi kwa vidole vitatu.

"Yawa," alishangaa Filister. "Nyatichi, hii ulihesabu kweli?"

"Nilihesabu tisini."

"Tisini gani? Ama ulifika themanini ukachoka? Hiyo ngumbaro yenu, sijui wanawafundisha nini."

Maneno hayo yalimchoma Nyatichi. Kitu alichojivunia kuliko vyote, rafiki yake alikuwa amekidharau mbele ya watu. Alianza kukusanya vitu vyake.

"Basi tafuteni mtu anayejua kuhesabu," alisema. "Mimi Alhamisi sitakuja tena."

Bosibori alimshika Nyatichi mkono. Hakutaka kumpoteza rafiki, na Jumatatu binti yake angeenda shule.

Kultum alikuwa amesikia yote kutoka dukani. Kabla ya kuhamia Migori, alifuma sweta za shule kwa miaka kumi huko Isiolo. Alitoka nje, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Dada Nyatichi, keti kwanza," alisema. "Na wewe Filister, shika hicho kipande cha mbele. Hesabu vitanzi vya mstari mmoja. Hesabu kwa sauti tusikie."

Filister akahesabu. Alipofika tisini, vitanzi vikaisha. Akarudia, akapata tisini. Akahesabu vya kipande chake mwenyewe. Tisini pia.

"Sasa nani amekosea?" aliuliza Bosibori.

"Hakuna," alijibu Kultum. "Kila mkono una namna yake ya kukaza uzi. Nyatichi anauvuta, vitanzi vyake vinabana. Filister anauachia, vitanzi vyake vinalegea. Idadi ni moja, lakini upana si mmoja. Mtu akifuma sweta yote peke yake, vipande vyake vinalingana. Mkigawana ndipo shida inaonekana."

"Na dawa yake?"

"Kabla ya kuanza, kila mtu afume kipande kidogo cha kujaribu. Vitanzi ishirini, mistari ishirini, kwa uzi na sindano zile utakazotumia. Kilaze bila kukivuta, halafu upime upana. Hapo utajua mkono wako."

Filister na Nyatichi wakafuma palepale. Kultum akapima. Kipande cha Filister kilikuwa na sentimita kumi. Cha Nyatichi kilikuwa na tisa.

"Mgongo una sentimita arobaini na tano, na hicho ndicho kipimo cha Dolphine," alisema Kultum. "Kwa hiyo kipande cha mbele kifumuliwe. Nyatichi aanze na vitanzi vingapi ili afike hapo?"

Filister alitazama mabati ya veranda, midomo ikicheza. Nyatichi alitazama vidole vyake.

"Ishirini ni tisa," alisema polepole. "Arobaini ni kumi na nane. Sitini ni ishirini na saba. Themanini ni thelathini na sita. Mia ni arobaini na tano." Akainua kichwa. "Ni vitanzi mia moja."

Kultum alitikisa kichwa kukubali. Filister alimrudishia Nyatichi kipande cha mbele kwa mikono miwili.

Nyatichi alifumua kazi ya wiki nzima, na ilimuuma. Alianza upya jioni ileile. Ijumaa asubuhi alimkuta Filister mlangoni kwake, amebeba ndoo ya maji na mboga.

"Mimi nitapika, wewe fuma," alisema Filister. "Nilikutukana bure. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini usinitilie chumvi nyingi."

Nyatichi alifuma hadi jua likakaribia kuzama, akaweka sindano chini kwa ajili ya Sabato, hadi Jumamosi jioni. Jumapili adhuhuri alimaliza. Urefu aliupima kwa tepu, hakukisia. Bosibori alipoviunganisha vipande, mbavu za sweta zililingana toka juu hadi chini. Jumatatu Dolphine alipokelewa shuleni.

Alhamisi iliyofuata, mwanamke mmoja aitwaye Kezia alikuja verandani kuomba kujiunga. Filister alimsogezea mkeka.

"Hapa hatuanzi kazi bila kipande cha kujaribu," alimwambia. "Fuma vitanzi ishirini, kisha umpe Nyatichi. Yeye ndiye anatupigia hesabu sisi wote."